Uhakiki wa Istilahi za Viwakilishi: Neno "Rejeshi" Limebebeshwa Mizigo Miwili

Istilahi ni chombo cha kazi. Jembe likitumiwa kulimia na kupasulia kuni, punde si punde halitafaa kwa kazi yoyote kati ya hizo mbili. Madhumuni ya makala haya ni kuhakiki istilahi tunazozitumia kuzieleza aina za viwakilishi vya Kiingereza kwa Kiswahili, na hasa neno moja, "rejeshi", ambalo katika madarasa na katika baadhi ya vitabu limepewa kazi mbili zisizohusiana. Hoja yetu ni kwamba kasoro hiyo inawapotosha wanafunzi, inawasumbua wafasiri, na inaweza kurekebishwa bila ya kubuni neno jipya hata moja.

Chukua neno "aliyejikata". Mwalimu wa Kiswahili anapowaambia wanafunzi wake wabainishe kirejeshi katika neno hilo, mwanafunzi mmoja atajibu kuwa ni "-ye-", na mwingine atajibu kuwa ni "-ji-". Yule wa kwanza amefundishwa kwamba kirejeshi ni kile kiambishi kinachokirudisha kitenzi kwa nomino iliyotajwa kabla yake. Yule wa pili amefundishwa kwamba kirejeshi ni kile kinachoonyesha kuwa tendo limemrudia mtenda mwenyewe. Wote wawili wameyakariri waliyofundishwa, lakini mmoja wao atakosa alama. Kosa hilo si la mwanafunzi, bali ni la istilahi.

Asili ya mgawanyo

Ili kulielewa tatizo hili yafaa tuanzie mbali kidogo. Dhana ya kiwakilishi haikuanzia katika Kiingereza. Wagiriki wa kale waliihesabu kuwa mojawapo ya aina za maneno. Na katika kitabu cha sarufi kinachohusishwa na Dionysius Thrax, wa karne ya 2 kabla ya Kristo, kiwakilishi kimeelezwa kuwa ni neno linalotumika badala ya jina. Warumi waliitafsiri dhana hiyo neno kwa neno wakaiita "pronomen", yaani kilicho badala ya jina, na Waingereza wakairithi kutoka kwao.

Idadi ya aina za viwakilishi nayo haikuteremshwa kutoka mbinguni. Lindley Murray, ambaye sarufi yake ya Kiingereza ya mwaka 1795 ilienea mno mashuleni, alizitaja aina tatu tu: viwakilishi vya nafsi, viwakilishi rejeshi, na vile vyenye tabia ya kivumishi. Waliomfuata waliendelea kuzigawanya, hata leo mwalimu wa Kiingereza huandika ubaoni aina nane au zaidi: vya nafsi, vimilikishi, vionyeshi, viulizi, rejeshi, vya kujirejea, vya kutendana, na visivyo bainifu. Kwa hiyo jedwali hilo ni mapatano ya walimu, wala si sheria ya lugha. Tuna haki ya kuuliza kama kila kisanduku chake kinatufaa.

Hata ufafanuzi wenyewe wa Wagiriki una upungufu. Mwingereza anaposema "It is raining", neno "it" halikushika nafasi ya nomino yoyote. Limewekwa pale kwa sababu sentensi ya Kiingereza haisimami bila ya kiima. Mswahili husema "mvua inanyesha", akaitaja mvua yenyewe. Katika "It is necessary" yeye husema "ni lazima", na hapo hakuna kiima wala kiwakilishi. Mwalimu anayesisitiza kuwa kila kiwakilishi kina nomino yake nyuma atashindwa kulieleza neno "it" siku ya kwanza tu.

Kwa upande huu istilahi ya Kiswahili ina heri kuliko ile ya Kilatini. "Kiwakilishi" kimetokana na kuwakilisha, kazi ya wakili. Wakili husimama kwa ajili ya mtu, lakini hatuhitaji kudhani kuwa mtu huyo alitajwa kwanza kwa jina. "Mimi" na "wewe" ni mawakili wa namna hiyo. Istilahi hii ni nzuri na haihitaji kuguswa.

Mizigo miwili ya neno moja

Matatizo yanaanza pale tunapozifikia aina mbili ambazo Kiingereza huziita "relative" na "reflexive". Maneno hayo mawili yana asili ya Kilatini, na yote mawili yana kiambishi kilekile chenye maana ya kurudi. Lakini vitenzi vyake ni mbalimbali. La kwanza latokana na kitenzi chenye maana ya kuchukua na kurudisha. La pili latokana na kitenzi chenye maana ya kupinda kuelekea nyuma. Katika lile la kwanza, maelezo yanapelekwa kwa nomino iliyotangulia. Katika lile la pili, tendo linapinda na kumwangukia yuleyule aliyelianzisha.

Kilatini kilitumia vitenzi viwili. Sisi tumetumia kimoja, "-rejea". Hivyo "who" na "which" vikawa virejeshi, na "myself" na "himself" navyo vikaitwa virejeshi. Kisha istilahi hizo zikahamishiwa katika sarufi ya Kiswahili chenyewe: "-ye-" na "-cho-" zikawa virejeshi, na "-ji-" nayo ikapachikwa jina hilohilo. Wapo waliojaribu kuitenga kwa kuiita "kirejeshi nafsi", lakini dawa hiyo imezidisha ugonjwa, kwa kuwa tayari tunavyo "viwakilishi nafsi". Mwanafunzi anaachiwa istilahi tatu zinazobadilishana viungo: kiwakilishi nafsi, kiwakilishi rejeshi, na kirejeshi nafsi.

Nani ana haki ya jina?

Kati ya wadai hawa wawili, yupi anastahili kubaki na neno "rejeshi"? Jibu tunalipata katika lugha yenyewe. E. O. Ashton, katika sarufi yake ya Kiswahili iliyochapwa mwaka 1944, aliiangalia kwa makini ile "-o" inayojitokeza mahali pengi, akaiita kwa Kiingereza "-o" ya kurejelea. Aliona kwamba haimo katika vishazi rejeshi peke yake. Imo katika "kitabu nilichosoma" na katika "kitabu ambacho". Imo pia katika "hicho", katika "ndicho", na katika "ninacho". Popote ilipo, kazi yake ni moja: kumwambia msikilizaji kwamba kitu kinachozungumzwa anakijua tayari, au kimekwisha kutajwa. Katika umoja wa ngeli ya watu, vishazi hivyo na "ambaye" huitumia "-ye" mahali pake.

Kwa hiyo "rejeshi" ni jina la ukoo mzima, na kiambishi cha kishazi rejeshi ni mmoja wa watoto wake. Kiambishi "-ji-" si wa ukoo huo. Hakina habari na jambo lililotajwa zamani. Hukaa mahali pa yambwa, mbele ya mzizi wa kitenzi, palepale panapokaa "-m-" katika "alimkata" na "-ni-" katika "alinikata", na hueleza kuwa mtenda na mtendwa ni mmoja. Kukiita kirejeshi ni kumwingiza mgeni katika ukoo usio wake.

Faida ya kulielewa jambo hili haiishii katika mtihani wa sarufi. Kiingereza kina vionyeshi vya namna mbili tu, cha karibu na cha mbali. Kiswahili kina namna tatu: "hiki", "hicho" na "kile". Wafasiri wengi wameshika mazoea ya kutafsiri "that" kwa kionyeshi cha mbali kila mahali, hata tukasoma katika kumbukumbu za mikutano "uamuzi ule" na "fedha zile", hali uamuzi na fedha hizo zimetajwa mstari uliotangulia. Hapo panatakiwa "uamuzi huo" na "fedha hizo", kwa sababu hakuna umbali wowote unaoonyeshwa, bali kuna kurejelea. Mfasiri aliyefundishwa kazi ya "-o" hatalikosea jambo hilo.

"Himself" ni maneno mawili

Sasa tukitazame kisanduku cha pili. Kiingereza kina kundi la maneno kama "myself", "himself" na "themselves", yenye umbo moja na kazi mbili. Katika "The chairman cut himself", neno hilo ni yambwa, nasi husema "Mwenyekiti alijikata". Katika "The chairman himself signed", neno hilo linatia mkazo tu, nasi husema "Mwenyekiti mwenyewe alisaini". Likitanguliwa na "by", aghlabu hubeba maana ya upweke, na Kiswahili kina "peke yake".

Mwanafunzi aliyefundishwa kuwa "himself" ni kirejeshi, pasipo maelezo zaidi, atayatafsiri yote kwa njia moja. Ndipo tunapopata sentensi kama "alimkata yeye mwenyewe" mahali pa "alijikata". Msomaji Mswahili akiisoma sentensi hiyo atadhani kuna mtu mwingine aliyekatwa. Kosa la jina limezaa kosa la maana.

Hali ni hiyohiyo kwa "each other". Kiingereza kinahitaji maneno mawili ili kuonyesha kuwa watu wanatendeana. Kiswahili hukiweka kiambishi "-an-" katika kitenzi: wanasaidiana, wanapendana, wameandikiana. Anayeandika "wanasaidia kila mmoja mwingine" anazijua aina za viwakilishi vya Kiingereza, lakini amesahau kwamba lugha yake haikuikabidhi kazi hiyo kwa kiwakilishi.

Jambo hili lilikwisha kuonwa na wataalamu wa lugha za Kibantu. C. M. Doke, katika kitabu chake cha istilahi za isimu ya Kibantu cha mwaka 1935, alishikilia kwamba lugha hizi ziainishwe kwa kufuata maumbile yake zenyewe, naye akatenganisha kiwakilishi kinachosimama peke yake na kiambishi cha upatanisho kinachoshikamana na neno. Katika "yeye anakuja", "yeye" ni kiwakilishi na "a-" ni kiambishi. Kiingereza hakiwezi kukiacha "he". Kiswahili humwacha "yeye" siku zote, ila panapokuwa na mkazo au ulinganisho. Tafsiri iliyojaa "yeye" na "wao" ni tafsiri iliyochanganya vitu hivi viwili.

Mfano wa Kanazi

Ili hoja isibaki katika nadharia, na tuchukue mahali maalumu. Kanazi ni kata ya Wilaya ya Ngara, Mkoa wa Kagera, katika pembe ya nchi inayopakana na Rwanda na Burundi. Lugha ya nyumbani katika sehemu hizo ni Kihangaza, ambacho ni ndugu wa karibu wa Kirundi na Kinyarwanda. Mtoto hukutana na Kiswahili kama lugha ya kufundishia katika shule ya msingi, na anapoingia sekondari hukuta masomo mengi yanafundishwa kwa Kiingereza. Mtoto huyo huzipanda ngazi mbili za lugha, na katika kila ngazi hukabidhiwa istilahi.

Mwalimu wa Kanazi hana sababu ya kudhani kuwa anaanzia patupu. Katika Kirundi na Kinyarwanda "gukunda" ni kupenda, "kwikunda" ni kujipenda, na "gukundana" ni kupendana. Mpangilio ni uleule wa Kiswahili: kiambishi cha kujirejea hutangulia mzizi, na kiambishi cha kutendana huufuata. Kwa upande mwingine, kishazi rejeshi katika lugha hizo mbili hutambulikana kwa toni ya kitenzi, wala hakihitaji neno la pekee mfano wa "who". Yaani katika lugha hizi za ukoo wa Kihangaza, kurejesha na kujirejea vinakaa katika sehemu mbili tofauti kabisa za usemi: kimoja kimo katika sauti, na kingine kimo katika umbo la kitenzi. Mtu aliyezoea lugha ya namna hiyo hawezi kwa asili yake kuvichanganya. Anayemfundisha kuvichanganya ni sisi, kwa kuvipa jina moja.

Vilevile lugha hizo, kama Kiswahili, hazitenganishi mwanamume na mwanamke katika nafsi ya tatu. Kwa hiyo mwanafunzi wa Ngara, sawa na mwenzake wa Biharamulo au wa Pwani, anapoandika "he" kwa habari za mama yake, hakosei kwa uvivu. Lugha zake hazijapata kumtaka afanye uchaguzi huo. Mwalimu amwambie wazi kwamba hapa Kiingereza kinadai habari ambayo Kiswahili hakiidai.

Mfasiri na mtumishi wa Serikali

Uzito wa suala hili umeongezeka tangu mwaka 2021, Bunge lilipoirekebisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki. Sheria zilizoandikwa kwa Kiingereza kwa miaka mingi sasa zinahitaji kuwekwa katika Kiswahili, na kila kiwakilishi kilichomo ndani yake kitapita katika mikono ya mfasiri. Sura hiyo yenyewe inayo kanuni kwamba maneno ya jinsi ya kiume yahesabiwe kuwa yanaingiza pia ya kike. Katika Kiingereza kanuni hiyo ni ya lazima kwa sababu ya "he". Katika Kiswahili "a-" na "-ake" hazimbagui mtu yeyote tangu mwanzo.

Hata hivyo si kila mahali Kiswahili ni chepesi zaidi. Fikiri juu ya maneno haya: "the name of the village which was changed". Mwingereza hakusema kilichobadilishwa ni nini. Mfasiri wa Kiswahili hana pa kujificha: ataandika "jina la kijiji lililobadilishwa" au "jina la kijiji kilichobadilishwa". Ngeli inamlazimisha aamue. Akiamua kwa kubahatisha, ameitunga sheria badala ya kuitafsiri. Wajibu wake ni kumwuliza mwenye andiko.

Kinyume chake pia hutokea. Mlalamikaji ameandikiwa maelezo haya: "Nilimwona akichukua mbuzi wake." Yaliyo wazi kwa waliokuwapo barazani si wazi katika karatasi. Anayeyatafsiri kwa Kiingereza hulazimika kuchagua kati ya "him" na "her" kwa mshtakiwa, kisha kati ya "his" na "her" kwa mwenye mbuzi. Akiandika kwa mazoea, mwanamke anaweza kugeuzwa mwanamume katika jalada, na mbuzi wa mtu mmoja akawa wa mwingine. Pasipokuwa na hakika, salama ni kuirudia nomino: mlalamikaji, mshtakiwa, shahidi. Kurudia nomino si udhaifu wa mtindo pale haki ya mtu inapohusika.

Lipo pia suala la "they" kwa mtu mmoja, matumizi ya zamani katika Kiingereza ambayo yameenea tena katika fomu na nyaraka za siku hizi. "Every applicant must sign their form" haina wingi wowote ndani yake. Tafsiri yake ni "Kila mwombaji asaini fomu yake", wala si "fomu yao".

Na kuhusu "ambaye", tusipite kiasi katika kulilaumu. Ni kweli kwamba "mtu ambaye anakuja" mara nyingi ni kivuli cha "who", na kwamba "mtu anayekuja" ni fupi na nzuri zaidi. Lakini kiambishi cha wakati "-me-" hakikubali kirejeshi ndani ya kitenzi katika Kiswahili sanifu, na kwa hiyo "ambaye amekuja" ina mahali pake. Vivyo hivyo "ambaye hakuja" huonyesha wakati uliopita, jambo ambalo "asiyekuja" peke yake haliwezi kulifanya.

Mapendekezo

Kutokana na maelezo hayo tunapendekeza haya yafuatayo.

Kwanza, neno "rejeshi" libakie kwa "-o" na "-ye" ya kurejelea, kwa "amba-", na kwa viwakilishi vya Kiingereza vinavyofanya kazi hiyo katika kishazi.

Pili, "-ji-" iitwe kiambishi cha kujirejea, na "myself" na wenzake, wanapokuwa yambwa, waitwe viwakilishi vya kujirejea. Sauti "-ji-" isiachwe kamwe katika istilahi hiyo, maana ndiyo inayobeba tofauti. Jina "kirejeshi nafsi" liachwe.

Tatu, maneno hayohayo yanapotia mkazo yaitwe viwakilishi vya mkazo, na yafundishwe sambamba na "mwenyewe".

Nne, "each other" iitwe kiwakilishi cha kutendana, ili jina lenyewe limkumbushe mfasiri kuwa kazi hiyo Kiswahili hukifanyisha kitenzi.

Tano, jedwali la aina za viwakilishi linaloandikwa ubaoni lianze na safu ya kazi: kumtaja mtu, kumiliki, kuonyesha, kuuliza, kurejesha, kujirejea, kutendana. Ndipo ifuate safu ya Kiingereza na safu ya Kiswahili. Pale ambapo Kiswahili hutumia kiambishi, kiandikwe kiambishi, wala kisitafutwe kiwakilishi cha kuzibia pengo.

Pengine yatatolewa mapingamizi mawili. Wengine watasema kuwa "kirejeshi" kwa maana ya "-ji-" kimekwisha kuzoeleka. Mazoea ni hoja yenye nguvu pale istilahi inapofanya kazi yake. Lakini istilahi inayompa mtahini majibu mawili kwa swali moja haijafanya kazi yake. Wengine watasema kuwa "kujirejea" bado kuna "rejea" ndani yake. Ni kweli. Lakini kupenda na kujipenda navyo vina mzizi mmoja, na hakuna Mswahili anayevichanganya. Lugha yetu imeiweka tofauti yote katika silabi moja ndogo, na istilahi zetu zinaweza kuiweka papo hapo.

Anayeandaa kitabu, mtihani au tafsiri na aliangalie tena neno "aliyejikata". Limebeba "-ye-" na "-ji-", viungo viwili vyenye kazi mbili. Viitwe kwa majina mawili.